Mkaja wa Nakiete

Asiyeitikia, mwisho haumfikii. Ndivyo bibi yenu alivyomwambia Eliamini asubuhi, huyu Eliamini alipoizima simu na baba yake bado anazungumza. Eliamini akacheka, akasema bibi ana methali ya kila kitu. Nakijwa akauliza hii imetoka wapi. Bibi yenu akaniachia mimi swali hilo, kama anavyoniachia kila kilicho kizito humu ndani. Basi endeleeni kuchambua hiyo tangawizi, mikono isilale, nami nitawaambia. Na wewe Eliamini usininunie. Methali hii haikutungwa kwa ajili yako. Ilimuuma mtu mzima kabla hujazaliwa, mtu niliyefanya naye kazi na kumpenda kama dada.

Chanzo chake ni hiki.

Huko Kirongaya, juu milimani, alikuwapo mtoto aliyeitwa Nakundwa. Mama yake alifariki kabla yeye hajaanza kung'oa meno ya utoto. Baba yake, Mzee Kagembe, alikaa mgane kwa muda, kisha akamwoa mwanamke wa kijiji cha ng'ambo ya bonde, jina lake Nakiete. Watu hawakumpa Nakiete nafasi hata ya kutua mzigo. Siku ile ile aliyoingia, majirani walikuwa wameshamnong'oneza mtoto kwamba mama wa kambo si mama. Mnajua watu wetu. Chakula watakunyima, lakini maneno kama hayo watakupa bure, tena kwa kipimo cha kujaa.

Nakiete hakuzaa. Alikuwa mwanamke mkimya, mwenye mikono ya kazi, na ukimya wake ulimponza kwa sababu watu waliuita kiburi. Alikuwa na jambo moja tu la kujivunia, nalo ni hadithi. Jioni, ugali ukishaliwa na moto ukibaki makaa, alikaa karibu na mafiga akaanza kusimulia, na sauti yake ikawa si ile ya mchana. Watoto wa majirani walikuja na vigoda vyao. Hata Mzee Kagembe, ambaye alijifanya hana habari, alisogeza kiti chake karibu na mlango wa jikoni.

Sasa sikilizeni desturi ya kule, maana bila hiyo hamtaelewa lolote. Hadithi ilikuwa na mwitikiaji wake. Watoto wote waliweza kuimba, lakini wa kwanza kuitikia lazima awe mtoto wa nyumba ile. Yeye ndiye mwenye hadithi. Akinyamaza au akisinzia, msimulizi husema, "Basi, tuilaze," na hadithi inalazwa hapo hapo. Kesho yake husimuliwa nyingine. Ile iliyolazwa hairudiwi mpaka msimu mwingine, tena tangu mwanzo. Kumalizia hadithi bila mwitikiaji walisema ni kumsimulia maiti, na hakuna mama aliyekubali kumsimulia mtoto wake kama maiti.

Katika hadithi za Nakiete ilikuwapo moja ya njaa. Ilimhusu msichana aliyelelewa na mama wa kambo. Njaa ilipoingia, mama yule alimpakulia msichana chakula kidogo kwenye jani, kisha akakibeba chungu, akaingia nacho chumba cha ndani na kufunga mlango. Msichana alikula kile kidogo chake huku akisikia mwiko ukikwangua chungu huko ndani. Hapo msimulizi huimba:

"Kwaru, kwaru, mwiko chunguni!"

Na watoto hujibu:

"Mama anakula!"

Kila siku ya njaa, kwaru kwaru. Msichana akakonda, mama akabeba chungu, mlango ukafungwa, na watoto wakajibu kwa hasira zaidi kila mara.

Nakundwa aliijibu mara chache za kwanza. Kisha alinyamaza. Alijilaza kwenye kitanda chake cha kamba kilichokuwa pembeni ya jiko, akafumba macho. Nakiete aliimba tena, "Kwaru, kwaru, mwiko chunguni," akangoja. Watoto wengine walimtazama Nakundwa, maana hawakuruhusiwa kumtangulia. Kimya. Nakiete akasema, "Basi, tuilaze," akafunika makaa kwa majivu.

Msimu uliofuata aliianza tena. Nakundwa akalala pale pale. Na msimu mwingine tena. Mtoto alikuwa ameshajipa maana yake. Aliwaambia wenzake kisimani, "Ananisimulia habari zake mwenyewe. Hana hata haya." Mtoto huyo hakuwahi kumwita Nakiete mama. Alimwita kwa jina tupu, kama unavyomwita mtu mnayelingana umri.

Mtaniuliza, kwa nini Nakiete hakumwambia wazi alichotaka kumwambia? Mwanamke wa wakati ule hakujisifu mbele ya mtoto wa mke aliyetangulia. Ingekuwa kama kumtukana marehemu. Neno la namna hiyo lilipitia kwenye hadithi, na mtoto mwenyewe alichuma maana siku alipokomaa. Ilikuwa njia nzuri, kwa mtoto anayesikiliza mpaka mwisho.

Kisha ukaja mwaka wa ukame wa kweli. Mifereji ilikauka, migomba ikalala, watu wakashuka tambarare kutafuta vibarua, na Mzee Kagembe naye akashuka. Nyumbani wakabaki Nakiete na Nakundwa. Nakiete alimpakulia mtoto chakula, akabeba chungu, akaingia chumba cha ndani. Na Nakundwa akiwa na sahani yake mapajani, akasikia kwa masikio yake mwenyewe: kwaru, kwaru.

Hebu fikirini. Mtoto amesikia hadithi nusu kwa miaka, halafu ile nusu inatokea nyumbani kwao. Angesema nini? Asubuhi alikimbia mpaka kwa mama yake mdogo, dada wa marehemu mama yake, akalia, "Ananinyima chakula. Anakula peke yake, kama kwenye hadithi yake." Mama mdogo hakuuliza mara mbili. Alikuja, akasimama uani akamtukana Nakiete matusi ambayo siwezi kuyarudia mbele ya Nakijwa, akamchukua mtoto. Wanasema Nakiete alisimama mlangoni, kiunoni amejifunga kitambaa mara mbili kwa kukaza, akasema neno moja tu: "Mleteni jioni moja moja, hadithi haijaisha." Watu walilicheka neno hilo kwa muda mrefu. Walisema njaa imemgusa akili.

Nakundwa alikulia kwa mama yake mdogo. Alisoma, akawa mwalimu, akachumbiwa. Siku ya arusi ukafika wakati wa kutoa mkaja. Ninyi wa siku hizi mnapeana bahasha, kwa hiyo niwaeleze. Mkaja ni kitambaa anachopewa mama wa bibi arusi, kwa ajili ya tumbo alilolifunga akimlea mtoto. Mzee Kagembe alikuwa hai, na alitaka Nakiete aitwe kuupokea mkaja. Nakundwa akasema mbele ya wazee wa pande mbili, "Mkaja ni wa mama yangu mdogo. Huyo mwingine hajanilea, alinishindisha njaa." Mzee Kagembe alitazama chini. Nakiete alikuwa jikoni akipika chakula cha wageni, na jiko lilikuwa karibu kiasi cha kusikia kila neno. Aliendelea kupika. Waliokuwapo walisema pilau ya siku ile ilikuwa nzuri ajabu.

Mimi nilimfahamu Nakundwa baadaye, tulipofundisha shule moja. Alikuwa mwalimu hodari, mcheshi, mwenye kucheka mpaka akashika meza. Mzee Kagembe alikuwa ameshafariki. Kwa Nakiete Nakundwa hakwenda, na ukilitaja jina hilo, kicheko chake kilikatika.

Mwaka mmoja shule ilipokea vitabu vipya vya kusomea darasa la tatu. Kijana mmoja wa chuo alikuwa amepita vijijini na kinasa sauti, akakusanya hadithi za wazee, na zikachapishwa. Nakundwa alikaa ofisini kuandaa somo. Akafungua kitabu, akatabasamu, akaniambia, "Mwalimu Mrutu, angalia kazi za serikali. Nimesoma miaka yote hii nije kusoma habari za sungura na mazimwi."

Akaendelea kusoma. Mara akaacha kutabasamu. Akasema, "Kumbe na hii wameiweka," akafungua ukurasa kwa vidole viwili kama anayeshika kitu kichafu. Ilikuwa ile ya mwiko, imesimuliwa na bibi mmoja wa milima ya mbali asiyemjua Nakiete wala Nakundwa. Mimi nilikuwa nasahihisha madaftari. Nilimsikia akipumua, kisha sikumsikia tena, nikainua uso.

"Mrutu," akasema, "huu mwisho wameutunga?"

"Upi?"

Akanisomea. Msichana wa hadithi, siku moja, alichoka kusikia kwaru kwaru. Akatambaa mpaka kwenye mlango wa chumba cha ndani, akachungulia kwenye ufa. Akamwona mama wa kambo amekaa chini na chungu mapajani. Chungu ni kitupu, kikavu, hakina hata ukoko. Mama anakikwangua kwa nguvu, na mkono mwingine amejishika tumbo. Alijua mtoto ana moyo wa kugawa. Akisikia kimya atauliza, na akijua hakuna kilichobaki, atakigawa kile kidogo chake. Kwa hiyo alikwangua, ili mtoto ale akidhani wote wanakula. Na watoto wanaosikiliza, ambao wamejibu kwa hasira hadithi nzima, mara ya mwisho hubadilisha jibu. Msimulizi huimba, "Kwaru, kwaru, mwiko chunguni," nao hujibu kwa sauti ya chini, "Chungu kitupu." Msichana akasukuma mlango, akaweka jani lake katikati, akasema, "Mama, tule."

Mwalimu mwenzetu Namcharo alikuwa dirishani anakunywa chai. Akasema, "Wameutunga wapi? Ndio mwisho wake. Kwetu kila mtoto anaujua. Mimi nilikuwa nalia kila mwaka. Kwani wewe hukusimuliwa?"

Nakundwa akasema, "Nilisimuliwa."

"Sasa?"

"Nilikuwa sijibu."

Akakifunga kitabu, akakifungua tena, akasoma upya tangu mwanzo, polepole, kidole kwenye mistari kama mtoto wa darasa la kwanza. Aliniambia baadaye kwamba utotoni alikuwa ameisikia hadithi kwa tumbo la msichana tu. Sasa alikuwa na watoto wake mwenyewe. Alikuwa ameshapakua chakula kisichotosha, akajua mkono unavyopima. Alipofika pale mama anapofunga mlango, hakuona tena mlafi. Aliona mtu anayejificha. Na akakikumbuka kile kitambaa kilichokazwa kiunoni mara mbili, ambacho miaka yote alikiona kuwa pambo la kiburi.

Alilia pale ofisini mpaka Namcharo akafunga mlango wanafunzi wasione. Kisha akasema, "Sijampa mkaja wake."

Jumamosi alinunua kitenge cha bei, kizito, akaniomba nimsindikize, kwa kuwa aliogopa kwenda peke yake. Njiani alikuwa anajifunza maneno ya kusema, anayaacha, anaanza mengine. Nilimwambia, "Utamwita mama, yatosha. Mengine yatakuja yenyewe." Niliamini hivyo. Na mimi pia nilikuwa kijana.

Tulimkuta Nakiete amekaa uani, mdogo kuliko nilivyomfikiria, na mpwa wake akimsuka nywele zilizobaki. Nakundwa akapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, walimu. Mmetoka mbali?"

Tulifurahi kwa jinsi alivyotujua kuwa walimu. Mpwa wake akatikisa kichwa. Akatuambia pembeni kwamba kila mgeni mwenye viatu, bibi humwita mwalimu. Akili ya bibi ilikuwa imerudi nyuma, inaishi miaka ya zamani. Mchana aliuliza kama Kagembe amerudi kutoka tambarare.

"Mama, ni mimi, Nakundwa," akasema Nakundwa, ameshika mikono yake.

Nakiete akamtazama kwa upole, akacheka kidogo. "Una jina la mwanangu. Jina zuri hilo."

Nakundwa hakukata tamaa. Akasema, "Nimekuja unisimulie ile ya mwiko na chungu."

Uso wa bibi ukafunguka. "Ile? Ile naijua yote. Lakini mchana hatusimulii. Ngojeni jua lishuke."

Tukangoja. Jioni ilipoingia tulikaa jikoni, na yule bibi ambaye hakukumbuka mume wake amekufa, alianza hadithi bila kukosea hata neno. Sauti ikawa ya mtu mwingine. Nilielewa kwa nini watoto wa majirani walikuja na vigoda. Alipofika mahali penyewe akainua mkono:

"Kwaru, kwaru, mwiko chunguni!"

Nakundwa akajibu kwa sauti iliyojaa machozi, "Mama anakula!"

Nakiete akanyamaza. Hakumtazama Nakundwa. Aligeuza shingo, akatega sikio upande wa kile kitanda cha kamba, ambacho hakuwa amekubali kiondolewe miaka yote ile. Kilikuwa kitupu, kamba zimelegea. Akaimba tena, taratibu zaidi. "Kwaru, kwaru, mwiko chunguni."

"Mama anakula!" Nakundwa akapaza sauti. "Mama, nimeitikia! Endelea!"

"Asante, mgeni," bibi akasema. "Unaitikia vizuri, mama yako alikufundisha. Lakini hadithi hii ina mwenyewe. Namngoja mtoto wa nyumba."

"Ndiye mimi."

"Yule pale, hapendi kuamshwa." Akasogea karibu na Nakundwa, akashusha sauti, kama wanawake wawili wanaopeana siri juu ya mtoto. "Hajalala kweli. Namwona kope zinacheza. Kila mwaka anajifanya amelala nikifika hapa. Simlazimishi. Amefiwa na mama yake, ana haki ya kukasirika. Siku moja ataitikia tu, nami nitammalizia."

Nakundwa akauvuta mfuko wake. Alikitoa kile kitenge kwenye mfuko, akakiweka mapajani mwa Nakiete kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. "Huu ni mkaja wako," akasema. "Umechelewa. Nisamehe, mama."

Nakiete akakipapasa kitambaa, akakisifu uzito wake. "Kweli ni kwa ajili yangu?"

"Ni chako."

Akasimama kwa kujikokota, akaenda mpaka kwenye kitanda kitupu, akakikunjua kitenge na kukitandaza juu ya zile kamba, akakifutika pembeni ili baridi isiingie. "Huku kwetu kuna baridi," akatuambia. Kisha akarudi kwenye mafiga, akasema, "Basi, tuilaze," akafunika makaa kwa majivu.

Nakundwa alikwenda tena, mara nyingi, kila alipopata nafasi. Aliosha, alipika, alimlisha kwa mkono wake. Kila jioni aliomba hadithi, na kila jioni ililazwa pale pale. Hakutajwa kwa jina lake hata mara moja. Mvua za masika zilipoanza, Nakiete akafariki, na kile kitenge wakamzika nacho.

Makaburini mchungaji aliuliza kama kuna mtoto wa marehemu wa kusema neno. Watu wakatazamana, maana wote walijua Nakiete hakuzaa. Nakundwa akasogea mbele. Nilikuwa nimesimama karibu naye na nayakumbuka maneno yake kama alivyoyasema. "Mimi ndiye mtoto wa nyumba. Mama alinisimulia hadithi moja maisha yangu yote, na mimi nikajifanya nimelala. Mwisho niliusoma kitabuni. Kwa mama haukunifikia. Ninyi wenye wazazi, itikieni. Asiyeitikia, mwisho haumfikii."

Watu walirudi majumbani na maneno hayo. Mwanzo waliyasema kwa ajili ya Nakundwa, kisha kwa ajili ya yeyote anayeinuka katikati ya kikao, au kuhukumu kwa nusu ya habari, au kumzibia mzazi masikio. Siku hizi wanaoyasema wengi hawamjui Nakundwa wala Nakiete. Bibi yenu anawajua. Yeye ndiye aliyekuwa dirishani siku ile, kikombe cha chai mkononi. Na hata leo hajajisamehe kwa kuuliza, "Sasa?"

Eliamini, weka chini tangawizi. Sijui baba yako alitaka kusema nini asubuhi. Alianza kwa ukali, nilimsikia mpaka huku, na wewe ulijibu mara mbili ukazima. Huenda na mwisho wake ulikuwa ukali vile vile. Lakini hukuusikia. Simu yako ipo pale dirishani, na baba yako, Mungu ashukuriwe, bado analijua jina lako.

Nenda. Asiyeitikia, mwisho haumfikii.